Maji Yaliyokula Mnara

Uvira, 4 Februari 1999

Kwako Shefu Gakunzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua weye ni mtu wa Pentekoste na salamu hii si ya kwenu, lakini mkono umeizoea. Anayekuletea barua ni Émérance, muuza vitenge wa soko la Mulongwe, anayevuka mpaka wa Gatumba kila juma. Nimemsumbua miezi miwili: hujasikia habari za Gakunzi wetu wa laboratware, yule aliyekimbia mwaka wa tisini na sita? Juzi akaniambia, "Iko Bujumbura, anafundisha hesabu Buyenzi." Minye nikakaa chini palepale kwenye vumbi.

Shefu, santrali yetu ya umeme inakufa. Unaukumbuka mnara wa kuoshea moshi. Nani aukumbuke kama si weye, uliyekuwa ukienda kuonja maji yake kila asubuhi kama mama anayeonja mchuzi? Moshi wa tanuri ulikuwa unaingia chini, mvua ya maji inaushukia kutoka juu, masizi na ule ukali vinabaki katika maji, kisha feni inauvuta moshi uliooshwa mpaka kwenye dohani. Sasa bati zake zimekuwa chujio. Nachomelea tundu leo, kesho jingine linafunguka kando yake. Feni inavuta hewa kupitia matundu, moto unalala, taa za hospitali zinakuwa nyekundu kama makaa. Juzi mama mmoja alipasuliwa kwa mwanga wa tochi. Pampu ya maji ya mji nayo inakohoa, na kolera unaijua, haingoji mtu. Huko mtaa wa Songo, moshi mchafu unaingia mpaka ndani ya nyumba.

Hayo ningeyabeba. Lakini askari wanaolinda santrali wanasema matundu yale yametobolewa na muntu. Komanda wao anaita hujuma. Siku kumi sasa wamemfunga Sévère, mchochea moto wetu, yule mzee wa Luberizi anayecheka kwa kikohozi. Walimkuta ndani ya mnara na nyundo na tindo mkononi. Iko ndani ya kontena la chuma, pale uani, juani. Komanda amesema hivi: kama kabla ya Pasaka hakuna anayeweza kumwonyesha ni kitu gani kinakula mnara, basi anayekula ni Sévère, na atajua la kumfanya.

Weye peke yako unajua mambo ya maji na chuma. Niambie kinachokula bati ni nini, na uandike karatasi yenye sahihi yako nimpelekee komanda. Nakusihi, Shefu. Usimtazame aliyeandika barua, mtazame Sévère.

Wako katika kazi,
Havyarimana Libérat, fundi wa mnara


Bujumbura, 15 Februari 1999

Havyarimana,

Barua nimeipata. Nimeisoma mara tatu nikitafuta swali moja ambalo jirani yeyote angeuliza kabla ya kuuliza habari za bati. Sikuliona. Mama yangu uliyekunywa maziwa yake miaka sita, hukumwuliza.

Tena unanitaka sahihi. Mwezi wa tisa mwaka ule wafanyakazi walipoitwa uani kutia sahihi kwenye karatasi inayosema Gakunzi si wa nchi hii, atoke, niliiona karatasi ile. Waliibandika kwenye mlango wa laboratware. Majina arobaini na moja. La tatu, kwa mwandiko mzuri wa kifundi, Havyarimana L.

Kwa ajili ya Sévère nitafanya kazi. Jina lake halikuwamo. Alikuja kwangu jioni akaniambia amewaambia hajui kuandika, nami najua anajua.

Nijibu haya, bila hadithi. Mnachoma nini tanurini sasa? Maji ya mnara yanatoka wapi? Ndani, juu ya bati, kulikuwa na ganda jeupe gumu, lipo? Matundu yameanzia juu au chini? Ukitia kidole katika maji yanayotoka na kukigusisha ulimini, unaonja nini?

Gakunzi


Uvira, 22 Februari 1999

Shefu Gakunzi,

Aibu imenila. Nisalimie mama sana, mwambie Libérat anakumbuka ile chupa yake ya mti ya maziwa yenye harufu ya moshi. Nakuomba umwambie hivyo hivyo.

Najibu. Tanurini zamani tulichoma pumba za mpunga wa Luberizi, unajua. Tangu vita hivi vya pili, vya mwaka jana, hakuna anayelima. Pale penye mpunga pameota majani ya kuficha watu. Tunachoma mafuta ya mazutu nzito, nyeusi kama lami, inanuka yai bovu. Maji ya mnara: pampu iliyokuwa inavuta ziwani ilibebwa na askari mwezi wa kumi, wakaipeleka kambini kwao. Sasa mnara unapata maji ya bomba la mlimani, yaleyale safi ya kunywa. Ganda jeupe halipo tena, limebanduliwa. Matundu yalianzia chini, penye maji yanayotuama, yakapanda. Ulimini nimeonja ndimu. Jino langu moja bado linauma.

Sévère tunamwona mara moja kwa siku wanapomtoa kujisaidia. Jana alitembea akishika ukuta. Midomo imepasuka. Aliponiona aliinamisha kichwa, akapita. Nilimpelekea ugali na dagaa, askari wakala dagaa.

Hapa watu wameanza kusema. Wanasema Sévère ana mjomba upande wa wale wa msituni, ndiyo maana. Wiki iliyopita hakuwa na mjomba kabisa. Kila siku anayopitisha ndani ya kontena anazidi kuwa mbaya midomoni mwa watu, utafikiri jua linampika awe mwasi.

Shefu, tumebakiwa na siku arobaini na moja mpaka Pasaka. Fanya haraka, bana.

Libérat


Bujumbura, 3 Machi 1999

Havyarimana,

Mama sitamsalimia. Alikufa siku ya tatu baada ya kuvuka Ruzizi, chini ya turubai la watu wengine. Alikuwa akiuliza kama nimefunga mlango wa laboratware.

Sasa sikiliza, nitasema polepole.

Pumba za mpunga hazina ukali. Mazutu nzito ina kiberiti ndani yake, ndiyo harufu ya yai bovu. Kikiungua kinapanda na moshi, moshi ukikutana na maji kinageuka asidi, ndugu wa ile iliyo katika betri ya gari. Hiyo ndiyo ndimu yako. Asidi inakula chuma kama mchwa anavyokula mlango: kwa nje unaona rangi, ndani hamna kitu.

Kwa nini zamani mazutu ikichanganywa kidogo mnara haukuoza? Kwa sababu ya maji ya ziwa. Kila mwanamke wa Uvira anajua maji ya ziwa yanaacha ganda jeupe ndani ya sufuria. Mnalichukia, mnalikwangua. Lakini ile chumvi yenye utelezi, jamaa ya magadi, ndiyo inayoua asidi. Maji ya ziwa yaliukata ukali kila dakika, na lile ganda jeupe lilikuwa shati la bati. Maji ya mlimani ni matamu kwa koo la mtu. Katika mnara hayana nguvu yoyote. Kwa chuma, maji safi ndiyo mabaya.

Basi mtu aliyeleta maji ya mlimani aliutia mnara ndani ya ndimu, na mtu aliyebandua ganda aliuvua shati lake. Msiseme niliondoka bila kuandika. Niliandika katika daftari la kijani la laboratware, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa. Nadhani daftari liliwashiwa moto.

La kufanya: rudisheni maji ya ziwa hata kwa mapipa na mikokoteni. Chomeni makonokono ya ziwani mpate chokaa, mwage ndani ya birika la chini kila zamu mpaka ulimi usionje ukali. Na msizime moto halafu mkaukoleza tena. Moshi ukipoa juu ya bati ndipo asidi inapotoa jasho.

Sasa la pili. Barua yako ina maneno ya ajabu. Mnara "unapata" maji. Ganda "limebanduliwa". Havyarimana, vani ya bomba haijifungui yenyewe. Kuunganisha bomba la mlimani na kichwa cha mnara kunahitaji kukata uzi wa kufungia kwenye bomba la inchi mbili, na katika santrali ile walioweza ni wawili: Claude wa mabomba, na wewe. Sévère hajawahi kushika ufunguo mkubwa kuliko wa nyumba yake. Nikiandika karatasi inayosema "maji ndiyo yaliyokula", komanda atauliza palepale, nani aliyaleta? Mtanyamaza wote, na jibu litakuwa mtu aliye tayari ndani ya kontena.

Kwa hiyo siwezi kuandika nusu. Niambie nani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo si chako.

Gakunzi


Uvira, 11 Machi 1999

Shefu,

Mama yako. Nilikwenda kanisani nikakaa nyuma, nikatoka kabla ya komunyo.

Ni minye.

Nimeandika neno hilo na mkono haukukatika, basi niendelee. Pampu ilipobebwa, injinia alikuwa amekimbia, hakuna wa kumuuliza. Nilijiona mjanja. Nikasema, kwa nini tuupe mnara maji ya ziwa yenye chumvi, yanayoharibu hata birika la mke wangu Gloriose, na hapa juu kuna maji safi yanashuka bure? Kwetu kitu safi ndicho kizuri, nani hajui? Nikaunganisha kwa mikono yangu, Claude alinishikia taa tu. Watu wa santrali walinipigia makofi. Kisha nikaona lile ganda, nikasema, tuusafishe mnara uanze upya. Nikampa Sévère nyundo na tindo. Nilimwambia, "Kwangua mpaka uone chuma chenyewe, kama mke wako anavyokwangua sufuria." Alifanya siku nne, akikohoa vumbi jeupe. Alifanya vizuri sana.

Askari walipomtoa mnarani walimuuliza nani amekutuma. Akaninyooshea kidole, bila hasira, kama mtu anayeonyesha njia tu. Komanda akageuka, "Fundi, ni weye?" Shefu, nilifungua mdomo. Nilisikia sauti inasema, "Sijui habari zake." Ilikuwa sauti yangu. Tangu siku ile Sévère hajataja jina langu tena, hata walipompiga. Laiti angelitaja!

Uniite mwoga, ni haki yako. Gloriose ana mimba ya miezi saba na watoto ni watano. Komanda huyu si mtu wa kuelezwa kosa. Kwake kosa na hujuma ni mapacha.

Makonokono tulikuwa tunayapata Makobola. Tangu watu walipouawa kule Mwaka Mpya hakuna anayekwenda Makobola, umesikia huko. Naokota machache hapa ufukweni na Gloriose na tumbo lake, tunachoma ndoo moja kwa siku. Mapipa ya ziwa tunasukuma. Ukali umepungua ulimini lakini bati limeshaisha, pale chini napitisha ngumi.

Sasa nina ombi, usilirarue kabla ya kulimaliza. Claude hayuko. Alikwenda Makobola kula sikukuu kwa wakwe zake, hakurudi. Mungu amlaze. Claude naye aliweza kukata uzi wa inchi mbili, umesema mwenyewe. Andika Claude. Marehemu hafungwi kontenani. Sévère atatoka, minye nitabaki na watoto, na aliyekufa hapungukiwi kitu. Shefu, nakupigia magoti kwenye karatasi hii. Andika Claude tu.

Libérat


Bujumbura, 20 Machi 1999

Havyarimana,

Ombi lako nimelimaliza. Nilitaka kulirarua kwenye mstari wa pili.

Claude hapungukiwi, kweli. Ameacha nani? Ameacha Amandine, mjane, na watoto wadogo, wanaokaa katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya santrali, mlango wa nne. Siku komanda atakaposoma kwamba mharibifu ni Claude, askari watapita mlango gani? Wewe unadhani jina la mtu ni kofia. Akifa unalivalisha jambo lolote. Mimi jina langu liliandikwa na wengine sikuulizwa, nikaona lilivyomfikia mama yangu aliyekuwa hajui hata santrali inafanya nini.

Lakini sikuwa mimi ndani ya ua ule siku komanda alipogeuka. Sijui mdomo wangu ungesema nini. Nimekaa na jambo hilo juma zima na halijanipa usingizi.

Nimefanya hivi. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili, zote za Kifaransa, zote zina sahihi yangu. Zote zinaeleza habari ya asidi na maji na ganda, na jinsi ya kulipima jambo hilo mbele ya watu: wachukue maji ya mnara kabla hayajatiwa chokaa, watumbukize gamba la konokono, waone litakavyochemka na kuliwa. Mwishoni moja inasema aliyeunganisha bomba ni Claude. Nyingine inasema ni Havyarimana Libérat, kwa kukosa kujua, si kwa ubaya, na kwamba Sévère alitii amri yake.

Ya kwanza ni uongo na nimeutia sahihi. Dhambi yangu nitaibeba mimi. Chagua wewe. Sitakuuliza umechagua ipi, na usiniandikie.

Gakunzi


Uvira, Ijumaa Kuu, 2 Aprili 1999

Kwako Bwana Gakunzi,

Hunijui vizuri. Minye ni Gloriose, bibi ya Libérat, mama ya Kaneza. Tulikutana mara mbili tatu siku za sikukuu ya santrali, ulikuwa na kanzu ya kijivu. Anayekuandikia ni mimi mwenyewe, sikumaliza shule, utavumilia.

Nianze na hasira ndiyo nipate kuendelea. Kwa nini ulimletea karatasi mbili? Ungeleta moja, yoyote. Mtu aliye katika maji marefu unampa kamba mbili achague? Kwa siku nane hakula. Alizitoa kwenye bahasha, akazirudisha. Minye nilijua iliyo na Claude ni ipi maana nilimwomba anionyeshe jina, nikaiweka kando nikamwambia, Baba Kaneza, hii. Peleka hii. Nilimwambia nikiwa nimeshika tumbo. Ndiyo, nilitaka Amandine apate taabu kuliko minye. Nakuambia ukweli hivyo hivyo, sina aibu, au ninayo lakini sina nguvu ya kuificha.

Jumatatu Amandine akaja kwangu kuomba moto. Jiko lake lilikuwa limezimika. Mtoto wake wa mwisho alikuwa amemshika sketi. Libérat alimpa makaa mwenyewe, akayapanga kwenye kipande cha chungu, akampeleka mpaka mlangoni. Aliporudi alichukua ile karatasi ya Claude akaitia jikoni, chini ya sufuria ya maharage. Niliendelea kukoroga.

Jumatano asubuhi alivaa shati la Misa akaenda kwa komanda. Alisema mbele ya watu wote wa zamu: ni minye niliyeleta maji, ni minye niliyempa Sévère nyundo, na siku ile mlipouliza nilisema uongo. Émérance alikuwepo, ndiye aliyenieleza.

Sévère walimtoa siku ile ile. Iko hapa kwangu sasa, chini ya paa, hawezi kuinua mikono, ninamlisha. Nilipomwambia Libérat ameingia mahali pake, alilia kama mtoto. Akasema, "Yule mpumbavu, angengoja tu, ningekufa vizuri." Mzee gani huyu, eh?

Na mume wangu wamemfunga kontena lile lile. Komanda aliisoma karatasi yako akacheka. Anasema, "Maji ya kunywa yanakula chuma? Mimi ninayanywa kila siku, tumbo langu lina matundu?" Askari wakacheka. Libérat akasema wapime na konokono. Wakapima, gamba likachemka, likaliwa. Komanda akaacha kucheka lakini akasema fundi mjanja anaweza kutia kitu ndani ya maji. Tena akasema karatasi iliyotoka ng'ambo ya mpaka hata mpumbavu anaweza kuiandika. "Huyo muntu wa kuitwa Gakunzi, kama yupo kweli na anajua, aje asimame hapa apime kwa mikono yake. Namngoja mpaka Jumatatu ya Pasaka, saa sita. Baada ya hapo nitajua ni hadithi."

Nimemwambia Libérat kupitia tundu la kontena kwamba nitakuandikia. Akapiga bati kwa ndani, akasema, "Usithubutu! Kule barabarani wanateremsha kwenye magari watu wa kabila lake. Usimwandikie, Gloriose. Nilishamtoa mara moja kwa kalamu, nisimlete kwa kalamu auawe."

Namheshimu mume wangu, na nimemkaidi. Sikuombi uje. Sina uso wa kukuomba. Nakuambia tu saa: Jumatatu, saa sita.

Gloriose


Bujumbura, Jumamosi, 3 Aprili 1999

Mama Kaneza,

Barua yako imefika asubuhi hii na Émérance bado ameketi mbele yangu, anakunywa chai akinitazama kama mtu anayetazama sufuria isiyotaka kuchemka.

Una haki kuhusu karatasi mbili. Nilijiambia nampa uhuru. Nadhani nilikuwa nataka nimwone akihangaika. Nimekuwa nikitaka kumwona akihangaika tangu mwaka wa tisini na sita, na sasa nimeona, na haikunishibisha.

Navuka kesho, Jumapili, watu wakiwa makanisani. Émérance anasema magari ya Pasaka yatakuwa yamejaa na askari wa vizuizi watakuwa wamekunywa, hilo linaweza kuwa zuri au baya. Nimemwomba atangulie leo na barua hii, na anifungie katika mzigo wake chupa mbili, moja ya maji ya ziwa, nyingine ya maji ya bomba la hapa, misumari, na karatasi za kupimia nilizoazima shuleni. Maji ya mnara nitayachota mwenyewe mbele ya komanda, asiseme fundi ametia kitu. Nikizuiwa njiani, vitu hivyo vitafika hata mimi nisipofika; Émérance anajua kuvitumia, nimemfundisha sasa hivi juu ya meza, mara mbili, na amepata sawa.

Mwambie Sévère asimame pale uani kama ataweza. Komanda atataka kumwona mtu aliyetii amri.

Kuna jambo moja nataka ulipeleke kwa mumeo kupitia tundu la kontena, neno kwa neno, usilipunguze na usiliongeze kwa ajili ya wema wako. Mwambie Gakunzi hajamsamehe. Nimejaribu na haikutoka. Mwambie anakuja hivyo hivyo, na hajasamehe.

Gakunzi